Kuzimika, Kujizima na Kuganda: Lugha ya Kuchunguza Hitilafu za Kompyuta Iliyozidishwa Mapigo

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Yamependekezwa maneno tarakilishi na ngamizi yashindane na kompyuta. Yametafutwa majina ya kioo, ya kibodi, ya kipanya na ya vipande vingi vilivyomo ndani ya mashine. Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili, na tafsiri ya namna hiyo haiwezekani pasipo orodha ya istilahi zilizokubaliwa. Hata hivyo vitenzi vimeachwa nyuma, na hasa vitenzi vinavyotaja jinsi mashine inavyoharibika. Mtu anaponunua kompyuta hutumia nomino. Inapomharibikia hutumia kitenzi, na kitenzi hicho ndicho cha kwanza kumfikia fundi.

Makala haya yanaeleza aina moja ya uharibifu, yaani hitilafu zinazotokea baada ya prosesa ya kompyuta kuendeshwa kwa kasi kubwa kuliko ile iliyowekwa kiwandani, pamoja na utaratibu wa kuzichunguza. Mazingira yatakayotumiwa kama mfano ni kijiji cha Lindi, katika eneo la Kibera, mjini Nairobi. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiingereza mara nyingi hukusanya hitilafu hizi chini ya neno moja, na wafasiri wengi wamejitahidi kupata neno moja la Kiswahili lilingane nalo. Ilhali Kiswahili, kwa vitenzi vyake na kwa viambishi vyake, tayari kinazitenganisha, na utengano huo unamsaidia fundi kujua aanzie wapi.

2. Lindi na kompyuta zake

Lindi inayozungumziwa hapa si ule mji wa pwani ya kusini mwa Tanzania. Ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, pamoja na Makina, Laini Saba, Mashimoni, Silanga, Gatwekera na Kianda. Jina la Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo ni kumbukumbu ya askari wa Kinubi waliopewa makao hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ni eneo la watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, njiani na katika vibanda vya kazi.

Miongoni mwa vibanda hivyo mna vile vinavyotegemea kompyuta moja au mbili za mezani. Humo watu hupigiwa chapa barua za kuombea kazi, hujaziwa fomu za serikali, hupelekewa taarifa za kodi kabla ya tarehe 30 Juni ambayo ndiyo siku ya mwisho kwa mtu binafsi nchini Kenya, na vijana hurekodi muziki au kukata picha za video. Kwa kawaida kompyuta za namna hii ni zile zilizokwisha kutumika kwingineko. Mwenye kibanda asipoweza kununua mpya, hushawishika kuitafutia kasi ile aliyo nayo. Yawezekana pia kwamba hakuigusa kabisa, bali aliuziwa ikiwa imekwisha kuharakishwa na mtu mwingine.

Jambo hili la pili si la kubuni. Mwaka 2005 Raymond Chen, mtaalamu wa programu katika kampuni ya Microsoft, alieleza jinsi wenzake walivyokuwa wakipokea taarifa za hitilafu zisizoelezeka: prosesa imeshindwa kutekeleza amri nyepesi mno, kama vile amri ya kufuta namba iliyo ndani yake na kuweka sifuri, ambayo haina namna ya kushindwa. Walipowauliza wenye kompyuta, sababu iliyojitokeza mara nyingi ilikuwa kuharakishwa kwa prosesa, na baadhi ya wenyewe hawakuwa na habari. Walinunua kutoka maduka madogo yaliyouza prosesa ya kasi ndogo kana kwamba ni ya kasi kubwa. Basi mchunguzi asianze kwa kumlaumu mwenye mashine.

3. Maana ya kuzidisha mapigo

Prosesa hufanya kazi yake kwa kufuata mapigo ya umeme yanayotolewa kwa vipindi vilivyo sawa. Pigo moja kwa sekunde huitwa hezi. Mapigo milioni moja ni megahezi, na mapigo bilioni moja ni gigahezi. Kila pigo linapolia, habari zilizo katika sehemu moja ya prosesa huhamia sehemu nyingine, na kabla ya pigo linalofuata hazina budi kuwa zimefika na kutulia.

Mchezaji wa ngoma analielewa jambo hili vema. Mpigaji akiongeza kasi kidogo, mchezaji hodari humfuata. Akizidi kuongeza, hufika mahali ambapo pigo jipya linalia wakati mguu ungali hewani. Hapo mchezaji hajachoka wala hajaumia. Amekosa muda tu. Ndivyo ilivyo kwa prosesa: ikikosa muda, hubeba habari ambayo haijatulia, na sifuri yaweza kusomwa kuwa moja.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi yatokayo kwenye bodi kuu, na kizidishi kilichowekwa ndani ya prosesa. Mfano uliopata sifa ni wa prosesa ya Intel Celeron 300A iliyotolewa mwaka 1998. Mapigo yake ya msingi yalikuwa kama megahezi 66 na kizidishi chake 4.5, jumla megahezi 300. Kizidishi kilikuwa kimefungwa, lakini watumiaji waligundua kwamba wakipandisha mapigo ya msingi hadi 100, prosesa nyingi za aina hiyo zilikwenda megahezi 450 bila matata. Wakapata nusu nzima ya ziada pasipo kuongeza senti.

Siku hizi Intel huacha kizidishi wazi hasa katika prosesa ambazo jina lake huishia kwa herufi K, na nyinginezo hufungwa. AMD nayo, tangu ilipotoa Ryzen mwaka 2017, imeacha karibu zote wazi, mradi bodi kuu iruhusu. Habari hii ina faida kwa fundi wa Lindi. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina prosesa zilizofungwa, na ikiwa hivyo ndivyo, yamkini hitilafu imetoka kwingine.

Kuhusu jina la tendo lenyewe, baadhi ya watu husema kuharakisha kompyuta. Neno hilo ni pana mno, kwani hata kufuta mafaili yasiyotakiwa ni kuharakisha kompyuta. Kusema kuendesha kupita kiasi nako kunatoa hukumu kabla ya uchunguzi, maana si kila nyongeza hupita kiasi cha mashine. Makala haya yanatumia kuzidisha mapigo, kwa sababu kinachobadilishwa ni mapigo, na kinachofanywa, hata kwa maana ya hesabu, ni kuzidisha.

4. Sababu tatu za kushindwa

Sababu ya kwanza ni muda, kama ilivyoelezwa. Ili prosesa iweze kumaliza hatua yake mapema, watu huiongezea volti, maana volti kubwa huzifanya swichi zake ndogo zigeuke haraka zaidi. Dawa hiyo ndiyo inayoleta sababu ya pili, yaani joto.

Umeme unaoliwa na prosesa na kugeuka joto huongezeka sawia na mapigo, na huongezeka sawia na mraba wa volti. Tuseme prosesa ya gigahezi 4.0 inayotumia volti 1.2 imepandishwa hadi gigahezi 4.6 kwa volti 1.35. Mapigo yameongezeka kwa asilimia 15 na volti kwa asilimia 12.5. Lakini 1.15 ikizidishwa kwa mraba wa 1.125 hutoa 1.455, yaani joto limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 45. Mtu aliyetaka kasi ya ziada ya asilimia 15 amelipia mara tatu yake kwa joto.

Hapa mahali pana neno lake. Kibera iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Ni kweli kwamba ubaridi wa Nairobi hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini katika kibanda cha mabati wakati wa jua kali fidia hiyo haipo. Vumbi la njia huingia na kuziba mapezi ya bamba la kupozea. Kwa hiyo kipimo kilichotolewa na mtu aliyejaribu mashine yake Ulaya, chumbani kusiko na vumbi, hakiwezi kuhamishiwa Lindi vivi hivi.

Sababu ya tatu ni umeme wenyewe, ambao watu wa Nairobi huuita stima. Nchini Kenya umeme wa majumbani ni wa volti 240 na hezi 50. Waya mrefu na mwembamba hupoteza sehemu ya volti hizo njiani. Ikiwa waya una ukinzani wa omu 2, na majirani wote walioungwa humo wanavuta ampea 10 kwa jumla, volti 20 hupotea kabla ya kufika kwenye soketi. Jirani akiwasha pasi, volti hushuka ghafla, akiizima, hupanda. Pawasaplai nzuri, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika ndani ya kompyuta, hutarajiwa kustahimili kukosekana kwa umeme kwa kama milisekunde 16, muda mfupi kuliko mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Pawasaplai iliyochakaa hustahimili kidogo zaidi ya hapo chini, na prosesa iliyozidishwa mapigo huidai zaidi.

5. Vitenzi vya kuharibika

Baadhi ya wafasiri wametumia kitenzi kuanguka kwa hitilafu hizi zote. Msemaji wa Kiswahili akiambiwa kompyuta imeanguka, huelewa kwamba imetoka mezani ikapiga chini. Na fundi mwangalifu ataanza kutafuta ufa. Neno hilo limefuata Kiingereza likaacha maana yake ya Kiswahili. Yafaa kutazama vitenzi ambavyo lugha inavyo.

(a) Kuzimika. Hii ni kauli ya kutendeka. Moto umezimika, taa imezimika: hapana aliyeuzima wala aliyeizima, kilichokuwa kikiulisha kimekoma. Kompyuta iliyozimika ni ile iliyokosa umeme. Taa ya kibandani ikififia au ikizimika wakati huo huo, uchunguzi uanzie kwenye waya na soketi, wala si kwenye prosesa.

(b) Kujizima. Hapa kiambishi kirejeshi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Umeme upo, taa inawaka, lakini mashine imekata yenyewe. Hiyo ni kazi ya kinga. Prosesa nyingi za kisasa zikifika kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi kwanza hujipunguzia kasi, na joto likiendelea kupanda hujizima zisiungue. Pawasaplai nayo hujizima ikidaiwa mkondo unaoizidi nguvu. Kwa hiyo kujizima ni dalili ya joto au ya mzigo.

(c) Kujiwasha upya. Mashine hukatika kazi ikaanza tena bila kuguswa. Ama volti imeshuka kwa muda mfupi mno, ama mfumo endeshi umekuta kosa lisilosameheka ukaamua kuanza upya. Windows kwa kawaida hufanya hivyo upesi hata maandishi ya kosa hayasomeki. Mchunguzi hana budi kuondoa mpangilio huo ili maandishi yabaki kiooni.

(d) Kuganda. Picha imebaki kiooni, lakini mshale hautembei na kibodi haijibu. Hakuna dawa ila kuzima. Kitenzi hiki kimedhaniwa na wengine kuwa ni cha baridi tu, na kwa hiyo hakiifai mashine iliyopata joto. Lakini damu huganda katika mwili wenye joto, na ruba huganda mguuni. Maana ya msingi ni kushikamana na kutoachia. Kompyuta iliyozidishwa mapigo huganda mara nyingi kwa sababu volti ya prosesa haitoshi kasi iliyotakiwa.

(e) Kukwama. Gari lililokwama matopeni litatoka likisukumwa. Kompyuta iliyokwama husimama nukta kadhaa kisha ikaendelea. Hilo ni tatizo la kungojea, hasa kungojea diski kuukuu, na si kawaida yake kutokana na mapigo kuzidishwa. Mtu akichanganya kukwama na kuganda, fundi ataweza kupoteza siku nzima kwa prosesa isiyo na kosa.

Tofauti hizi hazihitaji kufundishwa upya, bali kuulizwa. Mteja husema, "Fundi, kompyuta yangu imezima." Kauli hiyo fupi, ambayo ndiyo ya kila siku, inaficha zile tatu za mwanzo. Fundi ajuaye lugha yake hujibu, "Mama, stima ilikuwa imepotea, ama imejizima stima ikiwako?" Kwa swali hilo moja nusu ya uwezekano imekwisha kuondolewa, na bisibisi haijashikwa.

6. Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni ya kwanza ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuliandika daftarini pamoja na kitenzi kilichofuata. Anayebadili mapigo, volti na kumbukumbu kwa pamoja, kisha mashine ikapona, hajui kilichoiponya.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi mafaili kwenye diski nyingine, kwa sababu majaribio yenyewe yaweza kuyaharibu. Hatua ya pili ni kurudisha mipangilio ya kiwandani katika bayosi, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi. Bayosi ikiwa haifunguki, mashine huchomolewa kwenye umeme na betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu ikatolewa kwa dakika chache. Mapigo ya kumbukumbu nayo yarudishwe, kwani hata ule mpangilio wa kupandisha kasi ya kumbukumbu kwa kubofya mara moja ni kuzidisha mapigo. Hitilafu ikikoma, chanzo ni mipangilio. Isipokoma, chanzo kiko kwingine, au prosesa imekwisha kudhurika.

Uwezekano huu wa mwisho usipuuzwe. Mkondo mkubwa na joto kubwa husukuma kidogo kidogo atomu za metali katika nyaya nyembamba mno za prosesa, hadi ile volti iliyokuwa ikitosha mwaka jana haitoshi tena. Wala si lazima mwenyewe awe amezidisha chochote. Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti iliyozidi, zikadhurika na kuleta hitilafu. Ikatoa marekebisho ya maagizo ya ndani ya prosesa na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

Hatua ya tatu ni kupima joto mashine ikiwa imetulia na ikiwa katika kazi nzito. Likipanda upesi kufikia kikomo, vumbi lipulizwe, feni ikaguliwe, na ule uji wa kupitishia joto ulio kati ya prosesa na bamba, ambao hukauka kwa miaka, ufutwe na kupakwa mwingine.

Hatua ya nne ni kujaribu kumbukumbu. Programu kama MemTest86 huandika namba katika kila sehemu ya kumbukumbu kisha huzisoma. Kosa hata moja ni kubwa. Vipande vya kumbukumbu vitolewe na kujaribiwa kimoja kimoja.

Hatua ya tano ni kusoma ushahidi ulioachwa na mfumo endeshi. Katika Windows, alama 0x124 huonyesha kwamba prosesa yenyewe imearifu kosa la vyombo. 0x101 huonyesha kwamba kiini kimoja cha prosesa hakikujibu kwa wakati, na katika mashine iliyozidishwa mapigo humaanisha mara nyingi kwamba volti haitoshi. 0x1A huelekeza kwenye kumbukumbu. Tukio namba 41 katika daftari la mfumo lisomwe kwa hadhari, maana halisemi zaidi ya kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo. Halitaji sababu.

Hatua ya sita ni kwa yule anayetaka bado kuzidisha mapigo. Apandishe kidogo, kama megahezi 100 kila mara, na baada ya kila nyongeza aijaribu mashine kwa saa kadhaa. Programu ya Prime95, iliyotungwa kutafuta namba tasa kubwa na kuanza kutumika mwaka 1996, hufaa kwa kazi hii kwa sababu hukokotoa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha hulinganisha. Jibu likitofautiana, kasi hiyo haifai, hata kama mashine haikuganda wala kujizima.

7. Kosa lisiloonekana

Maneno hayo ya mwisho yanagusa hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mashine inayojizima humpotezea mtu saa moja. Mashine inayokosea hesabu na kuendelea na kazi humharibia faili asijue, na huenda nakala aliyoihifadhi nayo ikawa imeharibika. Katika kibanda kinachojaza fomu za kodi za watu, tarakimu moja iliyobadilika ni jambo la mteja na serikali yake.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft, Edmund Nightingale na wenzake, walichapisha uchunguzi wa hitilafu za vyombo katika kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni moja. Walionyesha kwamba kompyuta iliyokwisha kupata hitilafu ya prosesa mara moja ilikuwa na uwezekano wa moja katika 3.3 wa kuipata tena, na kwamba zile zilizopunguzwa mapigo chini ya kiwango cha kiwandani zilikuwa imara zaidi. Matokeo haya yana ushauri kwa mwenye kibanda. Hitilafu ya kwanza si bahati mbaya ya kusahauliwa. Tena, mashine kuukuu isiyopona kwa hatua zote zilizotajwa yaweza kuongezewa umri kwa kupunguziwa mapigo, ikafanya kazi polepole lakini kwa usahihi.

Kiswahili cha kila siku bado hakina kitenzi kimoja cha kosa hili. Husemwa tu kwamba faili limeharibika, kana kwamba faili liliharibika lenyewe, na mtenda husahauliwa. Hapa kauli ya kutendeka inamfuta mshitakiwa. Ni bora kusema kompyuta imekosea, kwa sababu hapo mtu hukumbushwa kuichunguza mashine badala ya kulipiga chapa faili upya.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanapendekeza mambo mawili kwa watunga istilahi. La kwanza ni kwamba neno moja la lugha ya kigeni lisidai neno moja la Kiswahili pale ambapo Kiswahili kimekwisha kuyagawa mambo. Kuzimika, kujizima, kujiwasha upya, kuganda na kukwama vyafaa viingizwe katika orodha za istilahi kila kimoja kwa maana yake, na kuanguka kuachiwe vitu vinavyoanguka.

La pili ni kwamba orodha hizo ziorodheshe vitenzi pamoja na kauli zake. Kuandika zima peke yake, na kumwachia msomaji mengine, ni kuacha nje habari ile ile ambayo fundi anaihitaji. Kazi ya kukusanya ingeanzia mahali ambapo mashine huharibika na kutengenezwa kila siku: Lindi, Kawangware na maduka ya Luthuli Avenue mjini Nairobi, kisha Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ili ijulikane wapi watu husema imeganda na wapi husema imekwama kwa jambo lile lile. Pasipo ulinganisho huo, maelekezo ya matengenezo yatakayoandikwa kwa Kiswahili yatasomwa vingine Nairobi na vingine Zanzibar, na gharama yake itambebesha mwenye kompyuta moja.